Zamu Yangu Jumamosi

Kaye ilikuwa chini kabisa ya sanduku la Tante Amba, imefungwa ndani ya kikwembe cha kitenge, na aliyeitoa ni Vero. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga, mchana wa jua kali, na sisi wawili tulikuwa tumeachiwa kazi ya kupanga nguo za marehemu, kwa sababu Vero ndiye binti yake na mimi nililelewa katika lupango ile ile, ua mmoja na yeye, kama binti wa pili. Nje, chini ya turubai, wanaume walicheza dama, na wanawake wa mtaa wetu wa Mangobo walikuwa wakitwanga makemba, ndizi za kupika, ya chakula cha lituma, kwa yale mapigo mawili mawili ninayoyajua tangu utoto. Vero alikuwa amefika kutoka Kinshasa asubuhi ile. Ni mwanamke wa miaka sitini na zaidi sasa, mnene, mwenye miwani ya rangi ya dhahabu na meno ya bandia yaliyonyooka safi kabisa. Mtu mmoja pale mlangoni alisema neno kuhusu viatu vya mchungaji, Vero akacheka, na papo hapo mkono wake wa kushoto ukapanda kufunika mdomo. Meno yale anayo tangu miaka kumi iliyopita, lakini mkono haujapata habari.

Kaye ni daftari la shule. Hatukuwa na neno lingine. Hii ilikuwa na jalada la buluu lililofifia na mwandiko wangu wa miaka kumi na minne, mdogo, ulioinama upande mmoja kama mtu anayeogopa kuonekana. Tante hakujua kusoma hata jina lake mwenyewe, na bado alikuwa ameitunza zaidi ya miaka arobaini pamoja na vikwembe vyake vya thamani. Vero alinipa bila kuifungua. Alisema mama yake ndiye aliyeagiza nipewe. Niliiweka mapajani, tukaendelea kukunja nguo, na sikuhitaji kuifungua ili niukumbuke mwaka ule.

Ulikuwa mwaka tulipoambiwa na serikali tuache majina yetu ya ubatizo, tuchukue ya asili. Shuleni masere, mtawa aliyetufundisha, alipoita majina asubuhi, kulikuwa na kimya kidogo baada ya kila jina, kwa sababu msichana alikuwa bado anajiuliza kama anayeitwa ni yeye. Nyumbani mambo hayakubadilika sana: mimi nilibaki Mado, yeye akabaki Vero. Ni Tonton peke yake, mume wa Tante, aliyetii sheria mpaka mwisho. Alikuwa karani mjini na msimamizi wa chama katika barabara yetu, mtu mwembamba, msafi, asiyepiga mtoto, na alituita sisi wote «citoyenne», yaani raia, hata alipokuwa anaomba chumvi. Mimi na Vero tulilala chumba kimoja, kitanda kimoja, chini ya chandarua chenye tundu tulilolifunga kwa uzi mwekundu. Ukuta wa upande wa jikoni ulikuwa wa mbao zilizoachana, na mimi nilipenda kukaa juu ya gunia la makaa karibu na ukuta ule, kaye magotini. Moshi uliingia, harufu ya mafuta ya mawese iliingia, na maneno ya wanawake yaliingia pia. Sikuwa msichana wa kusema. Shuleni nikiambiwa nisome kwa sauti, nilimeza maneno na wenzangu walicheka. Kwa hiyo niliandika, na kwa kuwa sikuwa na maisha makubwa ya kwangu, niliandika ya wengine, neno kwa neno kama walivyosema.

Habari ilianza mezani, siku ya liboke, samaki waliochomwa ndani ya majani. Tonton alisema wageni wakubwa watakuja kutoka Kinshasa mwisho wa mwaka wa masomo, na kila barabara itatoa kikundi cha wasichana wa kuimba na kucheza. Hilo halikuwa jipya, tulikuwa tukicheza kila asubuhi shuleni kabla ya hesabu, na Vero ndiye aliyekuwa mbele ya kikundi chetu. Jipya lilikuwa lile lililofuata. Tonton alitaka wasichana wanane wa asili kabisa, na kwetu kijijini, njia ya Bengamisa na kuendelea mbele, msichana wa asili alikuwa yule aliyechongwa meno manne ya juu mpaka yakawa na ncha. Wamisionari na waganga wa serikali walikuwa wamekataza jambo hilo zamani. Katika barabara yetu hakuna msichana wa umri wangu aliyekuwa nayo. Tante Amba alikuwa nayo, na nilikuwa nimemzoea hivyo, kama mtu anavyomzoea mwenye alama shavuni. Alitoa mfupa wa samaki mdomoni, akauliza kwa upole kama barua ya chama imetaja meno.

«Barua inasema asili,» Tonton alijibu. «Meno ni asili. Mubelgiji ndiye aliogopa meno yetu, na sisi tukaogopa pamoja naye.»

Alisema hivyo kwa kinywa chenye meno yote thelathini na mawili, mazima, maana alikuwa amesomeshwa na mapadri tangu mdogo. Nimefikiri sana juu ya chakula kile. Hakuna mkubwa yeyote aliyemwagiza. Alisikia hotuba kwenye radio, akachukua neno moja, akaliongezea la kwake kwa nia njema kabisa, kisha akapeleka kwenye ofisi ya komini orodha ya majina manane. La kwanza na la pili yalikuwa yetu, ili majirani waone kwamba anaanza na nyumba yake.

Mchongaji wa meno, Koko, aliletwa na lori la Bengamisa, amekaa juu ya magunia ya mchele, na kuku mmoja kifuani. Sikujua jina lake lingine, kila mtu alimwita Koko, yaani bibi. Nilikuwa nimetarajia bibi wa kutisha, akashuka kizee mdogo mcheshi, anayenusa tumbaku na kupiga chafya kama paka. Patasi yake ilikuwa fupi kuliko kidole changu cha kati, imezungushiwa kitambaa cha pamba. Alilala jikoni karibu na moto kwa mapenzi yake mwenyewe, na kila asubuhi aliniita panya wake, kwa sababu alisikia kalamu yangu nyuma ya mbao. Alitufungua midomo kwa kidole gumba akatazama kama mnunuzi wa mbuzi, akaeleza taratibu. Katika nyumba moja mdogo ndiye huanza, asije akaona damu ya mkubwa wake akakimbia; kwetu mdogo nilikuwa mimi. Mwenye kulia hupewa jina la kilio chake maisha yote. Na mwenye moto mwilini, yaani homa, haguswi, kwa sababu damu yake haisimami. Nililiandika hilo la tatu, nikalipigia mstari.

Sasa niseme jambo ambalo kaye yangu, iliyoandika kila kitu, haikuliandika. Jumamosi ya kuchongwa, asubuhi, wakati wengine wanatandika mkeka nje, nilitoa kwenye makaa ndizi mbili zilizochomwa, nikazifunga ndani ya nguo, nikazibana chini ya makwapa, moja kila upande, nikalala na kujifunika. Ziliniunguza. Nina kovu dogo upande wa kulia mpaka leo. Nilipozihisi zimepoa kidogo nilizipitisha shingoni na kwenye paji la uso, nikazisukuma chini ya kitanda. Vero alipita na ufagio, nikafumba macho. Koko alipokuja kuniita aliweka kiganja shingoni mwangu, akakiacha pale kidogo, akasema, «Huyu iko na moto. Tutamufanya Jumamosi ingine.» Kisha akageuka akamwita Vero.

Nilisikia yote nikiwa kitandani. Vero alilaza kichwa juu ya paja la Koko, akang'ata kipande cha mti laini, na mama wawili wa jirani wakaanza wimbo wa kwetu ili kufunika mlio. Wimbo haukuufunika. Ulikuwa mlio mdogo mkavu, kama wa mtu anayevunja mbegu za mawese kwa jiwe dogo bila haraka. Vero hakutoa sauti. Nilimsubiri alie ili wamwachie, hakulia. Halafu mlio ukabadilika mara moja, ukawa mzito, na Koko akasema «Ee,» basi, kama mtu aliyeangusha kijiko. Wimbo ulisimama kisha ukaendelea. Baadaye Vero aliingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaomba kioo changu. Kidevu chake chote kilikuwa damu. Jino moja lilikuwa limepasuka mpaka ndani ya ufizi. Aliniuliza kama meno yake ni mazuri. Nikasema ndiyo.

Kwa siku tatu alikula uji wa ndizi wa vuguvugu, bila chumvi, akitumia kona ya mdomo, na alijitahidi kucheza uani ili ajizoeshe. Siku ya nne shavu lilivimba mpaka jicho likafunga. Chumba chetu kilikuwa na harufu ambayo sikujua mtu aliye hai anaweza kuwa nayo. Tonton alimpakia kwenye baisikeli yake, akaisukuma kwa miguu mpaka dispanseri, Tante akitembea nyuma, mimi nyuma ya Tante. Mganga wa pale alikuwa mwanamke kijana, mchovu, mwenye mikono mikubwa. Aling'oa meno mawili na kukamua usaha. Alimwambia Tante maneno machache tu, bila ukali: «Jino ikisha kufa mi natoa tu, mama, sijui kuirudisha. Kama kuna mutoto mwingine, umulete kwangu mbele ya patasi, si nyuma yake.» Tonton alikuwa amesimama mlangoni akiangalia kofia yake. Jioni hakufungua radio. Hata hivyo hakufuta orodha. Majina yalikuwa yameshafika komini, alisema, na bahati mbaya haiwezi kuvunja mila. Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu yangu, na baada yangu wale sita wa majirani.

Siku mbili kabla ya Jumamosi hiyo nilikuwa juu ya gunia langu la makaa, na upande wa pili wa mbao Koko na Tante walikuwa wakichambua sombe, majani ya muhogo. Niliandika mazungumzo yao kama nilivyoyasikia. Yako katika ukurasa ulio na alama ya mafuta. Koko alisema mkono wake ulikuwa umesahau kazi, miaka mingi ilikuwa imepita. «Sasa imekumbuka. Wa pili atakuwa muzuri.» Tante akauliza meno ya Koko mwenyewe yalikwenda wapi, maana mbele hakuwa na hata moja. Koko alicheka. Alisema yalianza kuoza kabla hajazaa mtoto wa kwanza, na tangu hapo nyama anatafuna pembeni kama mbuzi. Tante akasema yeye maji ya baridi hajakunywa tangu akiwa na miaka kumi na tano, hata wakati wa joto huyaacha juani kwanza, na hajamwambia mtu, kwa sababu nani angeuliza.

«Mi sikuuliza,» Koko alisema. «Weye uliuliza? Walinilaza, nikalala. Kisha nikalaza wengine, ju ile ndiyo kazi nilijua.»

Muda mfupi baadaye Tante alisimama mlangoni mwa chumba, mikono yake kijani kwa sombe. Aliuliza, «Unaandikaka nini mu kaye hii kila siku? Ni barua ya kijana?» Nikatikisa kichwa. «Alors soma.» Nilimsomea maneno yale, yake na ya Koko, kwa sauti iliyokuwa karibu pumzi tu. Alisikiliza akitazama ukuta. Nilipomaliza aliomba nisome tena sehemu ya maji ya baridi. Kisha akasema Jumamosi, kabla ya mkeka, nitasoma vile vile mbele ya bamama, na ya Vero pia, nisipunguze neno. Nilimwambia siwezi, kwamba hata shuleni nameza maneno. Hakunibembeleza. «Bon,» alisema. «Utachagua. Utafungua kinywa kwa kusoma ao utaifungua kwa Koko.»

Jumamosi akina mama walikuja na mabinti zao sita, waliopakwa mafuta na kusukwa nywele. Koko alikuwa mkekani, patasi juu ya kitambaa chake. Tonton alivaa abacost yake nzuri, suti isiyo na tai, shingo imefungwa, jasho linamtoka. Tante alitangaza kwamba kabla ya kuanza Mado atasoma, na Tonton, akidhani ni maneno ya chama, akapiga makofi. Ni makofi yale yaliyonisaidia, yalinitia haya kwa ajili yake, nikasahau haya yangu. Nilisoma. Nilisoma shavu la Vero, usaha, harufu ya chumba, nilisoma kioo na swali lake. Vero alikuwa ndani, nyuma ya rido, pazia la mlangoni. Nilipofika kwenye maneno ya Koko nilisimama, kwa sababu alikuwa pale mbele yangu, mkono mmoja kwenye goti, na kumsoma mtu mzima mbele ya watu kulionekana kwangu kama kumvua nguo.

«Endelea, panya,» Koko alisema. «Nilisema.»

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja aliyeuza mihogo mwisho wa barabara, Mama Furaha, mwanamke wa sauti nene, alimgeukia Tonton akamwita kwa heshima zote. «Citoyen, asili inaanzia kwa mukubwa, si vile? Batoto wamesikia woga. Tuonyeshe njia. Lala hapa kwa paja ya Koko.» Mwingine akasema meno yake ni mazuri, yatachongeka vizuri, ni ya padri. Wakaanza kucheka, na Koko, bila kutabasamu hata kidogo, akanyoosha mguu, akalipiga paja lake kwa kiganja kama mtu anayemwita mtoto. «Kuya, mutoto yangu. Mukono imekumbuka.» Nimesikia vicheko vingi maishani, lakini kile cha wanawake wa Mangobo asubuhi ile kilikuwa kitu kingine, walishikana mabega, mmoja alikaa chini mchangani. Tonton alifungua kifungo cha juu, akakifunga tena. Alisema itabidi aende kwanza ofisini kuangalia barua inasema nini hasa. Alitoka kwa mwendo wake wa kawaida, na barua ile hatujaiona mpaka leo. Akina mama waliondoka na mabinti zao. Koko alipanda lori siku mbili baadaye na kuku wake, patasi akaiacha jikoni, na Tante alifungulia makopo ya sardini mpaka ikavunjika.

Wageni wakubwa walikuja kweli. Tulisimama juani tangu asubuhi, wasichana saba, vinywa vizima, tukiimba. Magari yalipita haraka kuelekea mjini na mtu mmoja alitupungia kitambaa. Hakuna aliyetazama mdomo wa mtu. Vero alibaki nyumbani. Kwa miezi mingi hakuzungumza nami isipokuwa kuhusu chandarua na ndoo ya maji, na mimi nilijua sababu, au nilidhani ninaijua: zile ndizi. Niliibeba sababu hiyo shuleni, nikaibeba kwenye ndoa yangu, nikaibeba darasani miaka yote nilipofundisha wasichana wa watu, nikiwaambia mambo ya mwili wao ambayo hakuna aliyeniambia mimi.

Kwa hiyo mchana ule wa matanga, kaye mapajani, nilimwambia. Nilimwambia kwamba sikuwa na homa siku ile, kwamba zamu ya kwanza, na mkono wa Koko uliosahau kazi, vilikuwa vyangu. Vero aliendelea kukunja.

«Ndizi,» alisema. «Ulisukuma chini ya kitanda. Mi nilifagia asubuhi ile, Mado. Niliziona mbele, hata sijalala kwa mukeka.»

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo.

«Ju nilitaka kuwa wa kwanza. Weye uamuke na meno ya kwetu, na mi niko bado na ya bébé? Mi ndiye nilikuwa mbele ya ngoma.» Alivaa miwani tena. «Kitu nilikukasirikia ni Jumamosi ile ingine. Ulisoma usaha yangu mbele ya barabara yote. Batoto yote walirudi na meno yao, na mi nikabaki na harufu.»

Sikuwa nimewahi kulifikiri. Zaidi ya miaka arobaini nilikuwa nikiomba msamaha moyoni kwa kosa jingine. Nilimuuliza ningefanya nini.

«Ungesoma,» Vero alisema. «Ilikuwa lazima usome. Lakini ungeniuliza kwanza. Nilikuwa pale tu, nyuma ya rido.»

Nje wanawake walikuwa wameacha kutwanga, wakiongeza makemba. Vero aliangalia kaye kwa mara ya kwanza. Akauliza kama humo ndani yeye yuko katika usaha tu. Nilifungua kurasa za mwanzo, kabla ya Koko, kabla ya liboke, nikatafuta kwa kidole mpaka nikaona jina lake, na nikamuuliza kama naweza kusoma. Akasema ndiyo.

«Leo Vero amecheka mpaka Tante amekuja kuuliza. Tonton amemwambia paka, Citoyen, toka juu ya meza. Paka ametoka. Vero ameanguka kitandani, chandarua kimekatika. Meno yake yote yanaonekana, hata ya nyuma. Ana mwanya mdogo katikati ya meno ya mbele, mimi sina. Ningependa kucheka vile.»

«Mwanya,» Vero alisema polepole. «Nilisahau nilikuwa na mwanya.»

Aliniomba nisome tena, na safari hii nilisoma kwa sauti ya darasani, wanawake wa makemba wakageuka kutusikiliza. Nilipofika kwenye paka, Vero alianza kucheka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika kikwembe cha mama yake, ukabaki pale pale.